Kushabikia timu ya kwenu bila kuona haya

Ukianza kazi mpya Dar maswali yanakuja kwa mpangilio, kwanza unaitwa nani, pili unakaa wapi, tatu we Simba au Yanga. Hilo la tatu halina nafasi ya kusema "hamna", ukisema hamna watakupangia wenyewe. Mi mwaka 2012 nilijibu Coastal Union, timu ya kwetu Tanga, na ofisi nzima ikacheka, sio kwa ubaya, walicheka kama mtu amesema utani mzuri, halafu dada mmoja wa uhasibu akaniuliza kwa upole kabisa, "kwani bado ipo?"

Ipo dada yangu, ilikuwa ligi kuu hiyo hiyo unayoangalia wewe.

Ila sikumjibu hivo. Wiki iliyofuata mtu mwingine aliponiuliza nikasema Simba, basi, nikaishi na hiyo Simba miaka karibu minne. Naandika haya kwa ajili ya vijana wa Tanga, Songea, Shinyanga, Mtwara, popote pale penye timu ya nyumbani isiyo ya Kariakoo, yaani siyo Simba wala Yanga, kwa sababu najua wengi mnaishi na uongo kama wangu na mnadhani hauna gharama. Unayo.

Nianze na nilikotoka. Mi ni wa Makorora, baba alikuwa fundi baiskeli na kwa Tanga ukiwa fundi baiskeli unajuana na mji mzima. Mwaka 1988 nilikuwa mdogo sana, nilikuwa napelekwa uwanja wa Mkwakwani nimekaa kwenye bomba la mbele la baiskeli huku makalio yanauma, mpira wenyewe sikuwa nauona, nilikuwa naona migongo ya watu. Mwaka huo Coastal ikachukua ubingwa wa Bara, na wenzetu African Sports, Wana Kimanumanu, wakachukua wa Muungano, yaani mwaka mmoja makombe mawili yakalala mji mmoja. Mzee alikuwa akisimulia hiyo stori kila Ramadhani baada ya futari kana kwamba hatukuwepo. Tangu hapo Coastal haijabeba tena ubingwa wa ligi. Kwahiyo kama unatafuta timu ya kukupa raha ya kombe kila mwaka hapa siyo, funga hii kurasa uendelee na shughuli zako.

Wagosi wa Kaya ndo tunavyojiita, kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani. Jina lenyewe limeshakuambia kila kitu, huwezi kuwa mgosi wa kaya halafu kaya yako uitaje kwa kunong'ona.

Sasa siku uongo wangu uliponirudi. Simba walikuwa wanacheza na Coastal, wenzangu wa kazini wakanibeba twende kibanda umiza pale Mbagala, nimekaa katikati yao na soda mkononi, Simba wakafunga, jamaa wakaruka wakanikumbatia, mmoja akanibusu kichwani kabisa, na mimi nikawa nacheka na kupiga makofi, timu ya baba yangu imefungwa na mi napiga makofi. Nilitoka kama naenda chooni sikurudi. Nilitembea mpaka nyumbani. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna ambaye angenifukuza kazi kwa kuwa Coastal, niliogopa kuchekwa tu, mtu mzima na ndevu zangu.

Kwahiyo ushauri wa kwanza ndo huo, sema ukweli siku ya kwanza na uvumilie wiki mbili za utani. Utani unaisha. Wakishazoea watakuita "Mtanga" au "Mgosi" na kila Coastal ikicheza watakuja wao wenyewe kukupa matokeo hata kama hujauliza, na siku mkiwafunga utaishi kama sultani mwezi mzima. Kuna watu wanashauri uwe na timu mbili, ya nyumbani na ya Kariakoo, wanasema haidhuru kwa sababu zinakutana mara mbili tu kwa mwaka. Mi siwakatazi, ila nilijaribu, na nakwambia ile ya Kariakoo inakula ile ya nyumbani polepole, kwanza inakula muda, kisha jezi, kisha unajikuta unaijua beki ya akiba ya Simba kwa jina na hujui kipa wa kwenu ni nani.

La pili, na hili ndo naliona kubwa kuliko yote. Nenda uwanjani siku ambayo sio ya Simba wala Yanga. Mkwakwani siku wakija wakubwa inajaa mpaka watu wanakaa juu ya miti, na ukiangalia vizuri nusu ya hao waliojaa ni watoto wa Ngamiani na Chuda na Mabawa wamevaa jezi za wageni. Wazaliwa wa pale pale. Siku ya mechi ya kawaida, timu ya katikati ya msimamo imekuja, kajua kamechoma au kamvua kanapiga, unaweza ukatuhesabu. Na wachezaji wanatuona, wewe unadhani hawaoni? Mchezaji anajua kabisa hawa laki tano wa kwenye simu ni wa maneno na hawa wachache waliolipa kiingilio cha mzunguko ndo wenye timu. Mimi sasa naishi Dar, siwezi kwenda kila mechi, basi pale Segera, njia panda ya kwenda Tanga, napita mara tatu nne kwa msimu, najipangia. Natenga kidogo kila mwezi kwenye kibubu cha simu, ikifika nauli ya basi na kiingilio naondoka Jumamosi alfajiri, nawasalimia wazee, naangalia mpira, nakula samaki jioni, Jumapili narudi. Mke wangu zamani alikuwa analalamika, siku hizi ananiagiza machungwa ya Muheza.

Nije kwenye 2016 maana hapo ndo nilipofeli mtihani.

Msimu ule tulikuwa na timu ya ajabu. Mwezi wa kwanza Yanga walikuja Mkwakwani hawajapoteza mechi ya ligi, tukawapiga 2-0, mji haukulala. Msimu huo huo tukashuka daraja. Na hatukushuka peke yetu, African Sports wakashuka, Mgambo JKT wakashuka, timu zote tatu zilizoshuka zilikuwa za Tanga, mkoa mzima ukafutwa kwenye ligi kuu kwa mkupuo. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Tanga tukiongelea hilo tunaongea kama watu waliotoka mazikoni.

Na kabla ya hapo mwezi wa nne kulikuwa na nusu fainali ya kombe la FA pale pale Mkwakwani, tena na Yanga, nilisafiri nikaenda. Dakika za nyongeza Yanga wakawa mbele 2-1 tukaona tunaonewa na mawe yakaanza kuruka kumwelekea mshika kibendera, mechi ikavunjika. Sikurusha. Ila kijana aliyekuwa karibu yangu alirusha, nilimuona akiinama kuokota na sikumwambia kitu, na kwa sekunde mbili hivi nilifurahi. Hilo nalisema kwa sababu ushauri wa "usirushe mawe" kila mtu anaujua, kazi ni yule aliyesimama karibu na mrushaji. Mshike mkono. Refa hata akikosea atarudi nyumbani kwake salama na wewe timu yako itabaki na jina la wahuni.

Baada ya kushuka nikapotea. Nilijiambia nimechukizwa na zile vurugu, nilijiambia niko bize, nilikuwa na mtoto mchanga, sababu hazikosi. Daraja la kwanza misimu miwili, sikwenda hata mechi moja. Mjomba wangu, kaka yake mama, mzee wa mkonge aliyestaafu na goti bovu, alikwenda zote za nyumbani. Kila baada ya mechi ananipigia, namwamkia shikamoo, anaitikia haraka haraka kama anaondoa kitu njiani halafu anasema "mjomba, leo moja bila," au "mjomba, leo tumelaliwa." Mi najibu haya mjomba, pole mjomba, niko kikaoni nitakupigia. Sipigi.

2018 tukapanda. Shangwe, picha, hata Ali Kiba tukamsajili mwaka ule, watu ambao hawajawahi kufika Tanga wakawa wanaongelea Coastal. Na mimi nikaibuka. Nikanunua jezi, nikasafiri, nikafika Mkwakwani naona kama nimerudi kutoka vitani, nikamkuta mjomba kwenye sehemu yake ile ile, nikamwamkia. Akaniangalia juu mpaka chini, akashika kitambaa cha jezi kwa vidole viwili.

"Jezi nzuri," akasema. "Karibu mgeni."

Akanisogezea nafasi nikakaa. Hakuwahi kulirudia lile neno, hakuhitaji.

Kuhusu wachezaji kuondoka, hapa vijana ndo mnapoumia sana na mnaanza kutukana watu kwenye simu. Timu ya mkoani ndo kitalu, mkikuza mti unakuja kung'olewa. Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga 2020, Ibrahim Ame mwaka huo huo akaenda Simba. Kocha wetu Juma Mgunda, mtoto wa pale pale aliyeichezea Coastal, naye 2022 Simba wakamchukua. Ni kama kuoza binti, unalia huku unajua ndo ilivyopangwa, tofauti yake ni kwamba mahari sisi mashabiki hatuioni. Mi nilishajifunza, mchezaji akiondoka namwombea heri, nafuatilia mechi yake ya kwanza kule, halafu namwachia. Ukimfuata mchezaji kila anakokwenda mwisho wa siku umeshahama timu bila kujua.

Arusha sasa, tarehe 2 mwezi wa saba 2022. Fainali ya FA, sisi na Yanga, Yanga ile iliyomaliza ligi bila kufungwa. Tulikodi kosta, watu wa Tanga tunaoishi Dar, usiku kucha barabarani, mzee mmoja alibeba hotpoti ya wali wa nazi kama anakwenda msibani. Tukaingia Sheikh Amri Abeid tukiwa wachache mno kwenye ule umati, halafu mshambuliaji wetu Abdul Sopu akaanza. Akafunga. Wakarudisha, akafunga tena. Dakika za nyongeza akafunga ya tatu, peke yake mabao matatu kwenye fainali mbele ya Yanga, ikaisha 3-3. Penalti wakatupiga 4-1. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu jinsi ile siku ilivyokuwa nashindwa, nilikuwa nimemshikilia mtu nisiyemjua mkono na nilikuja kugundua baadae sana kwamba bado nimemshika. Kurudi hakuna aliyeongea mpaka karibu na Same, kondakta akauliza kama hotpoti ina wali uliobaki, watu wakacheka mpaka dereva akapunguza mwendo. Msimu uliofuata Sopu yuko Azam, nishasema.

Ukisafiri kufuata timu chagua watu unaoweza kufungwa nao. Wa kushinda nao ni rahisi, hao unawaokota hata stendi.

Kubeti kwa ufupi tu, usibeti mechi ya timu yako. Niliweka mkeka mara mbili, mara ya pili Coastal ilitoka sare ugenini, sare nzuri kabisa tuliyoihitaji, na mimi nimekasirika kwa sababu ya elfu tano. Nikajiona mjinga nikaacha.

Na siku nzuri zikija zitazame kwa macho yote maana ni chache. 2023/24 tulimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba, tukiwa na kocha Mkenya David Ouma na yule kipa Mkongo Ley Matampi golini, tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Bravos do Maquis wa Angola wakatutoa mapema, jumla 3-0. Sawa. Nilipiga picha msimamo wa ligi nikamtumia yule dada wa uhasibu, na kwa kweli alijibu vizuri.

Mke wangu ni wa Songea. Hilo nilikuwa naliona dogo tu mpaka 2018, maana mwaka ule ule sisi tunapanda, Majimaji, timu ya kwao, walishuka, na mimi nikiwa kwenye sherehe zangu za jezi sikumuuliza hata siku moja anajisikiaje. Hakusema kitu. Sisi wa ligi kuu matokeo yetu tunayapata kwenye redio na simu, ya madaraja ya chini unaweza kutafuta mpaka usiku usiyaone, kwahiyo yeye siku ya mechi anampigia kaka yake aliyebaki kule. Juzi nilimkuta jikoni, sufuria jikoni linachemka, simu imewekwa juu ya ndoo na sauti imefunguliwa, inatoka kelele tu, filimbi, mtu anauza karanga, watu wanazomea. Nikamuuliza nani anaongoza.

"Sijamuuliza bado," akasema. "Subiri niwasikilize watu kwanza."