Maswali yenu wiki hii: dodoso, Yamane na data zilizopikwa

Maswali yamejaa na nusu yake ni yaleyale ya mwezi uliopita, kwahiyo nimeokota yale yanayonipa sababu ya kugomba.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu kidato cha pili, Mbeya, darasa lina wanafunzi 94. Nimefika mada ya takwimu nataka wakusanye data za kweli, sio zile za kitabuni. Dodoso liwe na maswali mangapi?

Marahaba. Anza na maswali sifuri. Wengi mnakimbilia dodoso la maswali ishirini wakati watoto hawajawahi kuhesabu hata kitu kinachopita mbele ya macho yao. Mimi wangu niliwasimamisha ndani ya geti (ndani, sio barabarani, msije mkaniletea kesi) nusu saa, kazi moja tu, bodaboda wangapi wamevaa helmeti. Rahisi eti? Wamerudi wanagombana, kundi moja lina hesabu karibu mara mbili ya jingine na wote walikuwa getini palepale. Kumbe hawa wamehesabu helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani, wale hawakuhesabu, na kuna bishoo mmoja kaja na mishikaki, dereva kavaa abiria wawili vichwa wazi, sasa hiyo ni pikipiki moja au ni watu watatu? Nikawaacha wabishane mpaka kengele. Kesho yake wakaandika wenyewe ubaoni nini kinahesabiwa "kuvaa", wakarudi getini, hesabu zikakaribiana. Hapo ndo wanakuwa tayari kwa swali la kwanza.

Na hilo swali liwe la jana. "Jana mlichota ndoo ngapi za lita ishirini?" Ukiuliza "kwa kawaida mnatumia maji kiasi gani" unapewa jibu la adabu.

Shule yetu ina wanafunzi 600. Nikitumia fomula ya Yamane, ile ya kutafuta uhoji watu wangapi, napata sampuli ya 240. Lazima wote 240?

Nilijua tu Yamane atakuja. Hesabu yako iko sawa, 600 gawanya kwa 2.5 (yaani 1 jumlisha 600 mara 0.05 mara 0.05, ukikubali kukosea asilimia 5) ni 240, hongera. Sasa niambie hao 240 unawapataje? Maana kila ripoti ninayosoma, ya sekondari mpaka ya chuo, fomula imeandikwa vizuri na mistari imepigwa chini, halafu ukurasa unaofuata unakuta waliohojiwa ni waliokuwa kantini muda wa mapumziko. Fomula haijui hilo. Inadhani umechagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili, wewe umechagua wenye hela ya chapati.

Kwa zoezi la darasani chukua rejista, kata vikaratasi, tingisha kwenye ndoo, chomoa majina 40, kisha uwatafute haohao 40 hata aliyekuwa anaumwa, usibadilishe na rafiki yake. Utakosea kama asilimia 15 juu au chini, na uwaambie watoto hivyo hivyo. Mimi naichukua hiyo kuliko 240 wa kantini.

Naomba unitumie dodoso ambalo liko tayari.

Hapana. Na wewe uliyeuliza hivi wiki iliyopita pia hapana.

Mwalimu, mimi ni wa Kisumu. Si ni rahisi tu kuweka hojaji kwa Google Forms nitume kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi? Nitapata majibu mengi haraka.

Haraka utapata, sikatai. Ila mwaka 1936 kule Marekani jarida moja, Literary Digest, lilituma karatasi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon anamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na waliojisumbua kurudisha walikuwa na yao moyoni. Grupu yako ya wazazi ni hivyo hivyo, wenye simu janja, wenye bando, na yule mmoja anayejibu kila kitu. Ukiuliza humo kama wazazi wana intaneti nyumbani utanichekesha.

Nitajuaje wanafunzi wamepika data?

Angalia karatasi kabla ya namba. Fomu iliyotoka mtaani imekunjwa, ina jasho, ina jibu limekatwa likaandikwa upya. Fomu thelathini zenye wino mmoja, mwandiko mmoja, hazina hata kona iliyopinda, hizo zimejazwa bwenini kwa tochi. Halafu angalia umri. Wazee ukiwauliza wanakutajia 60, 65, 70, mpishi wa data anaona aibu kurudia namba, anakuandikia 61, 67, 73.

Ila nanyi walimu acheni unafiki. Umempa mtoto siku mbili na dodoso la kurasa nne, ulitegemea nini?

Nimetafsiri dodoso la Kiingereza kwenda Kiswahili, majibu ya muda hayaeleweki.

Unaeleweka wewe. Mtoto mmoja kaandika anaamka 11, mwenzake kaandika 5, wote ni alfajiri ileile, halafu mwenye kompyuta katoa wastani 8. Saa nane! Andika "saa kumi na moja alfajiri" kwa maneno, yaishe. Na ukiwa hapo futa "una ndugu wangapi", maana huyu atakuhesabia tumbo moja, yule atakuwekea mpaka watoto wa mjomba. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Igeni hapo, ulizeni nani kalala hapa jana.

Wanafunzi waandike majina na namba za simu za wanaowahoji ili nihakiki?

Usithubutu. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hata zisingekuwepo, binti wa miaka 15 anatembea na daftari la namba za watu wazima wa mtaa mzima, wewe unaona sawa? Wapeni namba ya fomu, waende wawili wawili, mwenyekiti wa mtaa awe na barua ya shule mapema. Ukitaka kuhakiki vaa viatu uende nao.

Kuhesabu kwa kupiga vijiti kwenye karatasi, kijiti kimoja kwa kila kimoja, si kumepitwa na wakati?

Simu ikizima chaji getini uniambie.