Wanafunzi wanakesha kwenye seva, nifanyeje?

*Shikamoo mama. Nasimamia maabara ya kompyuta katika chuo kimoja Morogoro. Wanafunzi wanaingia kwenye seva yetu ya Debian (aina ya Linux) kwa ssh, njia ya kuingia kutoka mbali, hata kutoka mabwenini, wanakesha humo hadi alfajiri, kisha darasani wanasinzia. Mkuu anataka mwisho uwe saa 4 usiku. Nitawazuiaje bila kuwagusa walimu? Majina ya wanafunzi yote yanaanza na mwf.*

Marahaba mwanangu. Usihangaike kuandika programu mpya, chombo unacho tayari: ni pam_time, kipande cha Linux kinachokagua saa mtu anapoingia. Fungua /etc/security/time.conf, uongeze mstari huu:

sshd|login;*;mwf*;Al0800-2200

Al ni siku zote. Ukitaka Jumatatu hadi Ijumaa tu, weka Wk. Walimu hawaguswi, kwa kuwa asiyetajwa hapo anapita. Kisha kwenye /etc/pam.d/sshd na /etc/pam.d/login, juu ya mistari mingine ya account, andika:

account required pam_time.so

Hakikisha /etc/ssh/sshd_config ina UsePAM yes. Hapo hata anayeingia kwa ufunguo badala ya nywila atakaguliwa muda.

Sasa angalia saa ya seva yenyewe kwa amri ya timedatectl. Seva nyingi huachwa kwenye UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3), na hapo 2200 yako itakuwa saa 7 usiku Morogoro, na asubuhi lango litafunguliwa saa 5. Rekebisha hivi, kisha uwashe upya cron, inayoendesha kazi kwa ratiba:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Kuna jambo ambalo wengi hawalitazamii: pam_time hukagua mtu anapoingia tu. Aliyeingia saa 3 na dakika 59 atabaki humo hadi kuche. Kama wanafunzi wako wote wana kundi kuu moja, tuseme wanafunzi, weka hii kwenye crontab (ratiba ya cron) ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva:

45 21 * * * echo "Hifadhi kazi, seva inafungwa saa 4" | wall
1 22 * * * pkill -HUP -G wanafunzi

Nakusihi usitumie -KILL, ishara inayoua programu papo hapo, badala ya -HUP. Ni ukatili kwa mtoto aliyekuwa katikati ya kazi. Kwa HUP, kihariri cha nano huhifadhi faili lililokuwa wazi kwa jina linaloishia .save, na hesabu ndefu iliyoanzishwa kwa nohup (amri ya kupuuza HUP) inaendelea.

Unapojaribu, acha dirisha moja la root likiwa wazi. Ukikosea herufi kwenye pam.d unaweza kujifungia nje.

Na zungumza na mkuu kuhusu wa mwaka wa mwisho. Wapo wasio na kompyuta zao, na mchana mashine za maabara zinagombaniwa. Usiku ndio nafasi yao ya kumaliza mradi. Mimi ningewaachia. Ukikubaliwa, mtoe kila mmoja kwa jina lake katika sehemu ile ya tatu ya mstari wa time.conf (yenye mwf*), kwa mfano mwf*&!mwf2107, na kwenye kundi lile linalofukuzwa saa 4 asiwemo.