Re: "Kaiot" na "yote" ni mnyama mmoja au wawili?

Salama mkuu, nimekusoma, umehamia Wyoming, Marekani, na wawindaji hapo kazini mara wanasema "kaiot", mara wanasema "yote", ukadhani ni wanyama tofauti. Ni huyohuyo koyote (coyote), ndugu yake bweha wa kwetu.

Kwanza sikiliza mwisho wa neno. Kai-O-ti ndo ya kwenye TV na mijini, ila wafugaji na wawindaji wengi wa magharibi huko wanakata, KAI-ot basi, na ukiwa nao sema hivyohivyo, mimi nilivyoanza kusema hivyo maongezi yakawa mepesi kabisa. Neno "yote" (yote ya Kiingereza) linatamkwa "yot", ni kifupi tu cha wawindaji. Song dog (mbwa mwimbaji) pia ni yeye, sababu ya zile kelele zake za usiku. Ukifika Minnesota au Wisconsin utasikia brush wolf (mbwa mwitu wa vichakani), usishtuke sio mbwa mwitu, hata Lewis na Clark, wale wapelelezi wa Marekani, mwaka 1804 walimwita prairie wolf (mbwa mwitu wa mbugani).

Ila karibu na mpaka wa Mexico kuwa makini, koyote pia ni mtu anayevusha wahamiaji kwa pesa, so sikiliza kwanza wanaongelea nini ndo uchangie.