Kuku hana ngano, muulize aliyemkaanga

SWALI: Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka 11. Hospitali walimpima wakasema ana ugonjwa wa seliaki, asiguse ngano. Mkate, chapati na maandazi tumeacha kabisa. Lakini Jumapili tukinunua kuku wa kukaanga na vitumbua, usiku tumbo linamvuruga na anaharisha. Jirani anasema kuku wa kisasa wanalishwa pumba za ngano, ndiyo sababu. Nami nimeanza kuogopa hata hamira na beking poda. Niache kuku?
Mama Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuku usimwachishe. Jirani ana nia njema, lakini pumba alizokula kuku zimeshasagika tumboni mwake. Gluteni, yaani ile protini ya ngano na jamaa zake inayomdhuru mwenye seliaki, haitoki kwenye banda ikaenda kukaa pajani. Awe broila, awe wa kienyeji, nyama mbichi tupu haina gluteni. Tatizo linaanza binadamu akishamtia mkono.

Mimi nimepikia shughuli za watu miaka mingi, na karai la kukaangia nalijua. Kuku wa barabarani mwenye ngozi inayolia kru! mdomoni, mara nyingi amevingirishwa kwenye unga wa ngano wenye pilipili na chumvi. Kabla ya hapo huenda amelazwa kwenye sosi ya soya. Watu wakisikia soya wanadhani ni maharage matupu, kumbe sosi nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Halafu mafuta yale yale asubuhi yalikaanga sambusa. Kwa hiyo hata chipsi za humo, ambazo ni viazi vitupu, mtoto asile.

Usiseme ni kidogo tu. Kipimo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka chakula kinachouzwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Makombo ya sambusa yanayoelea kwenye karai hayajui hesabu hiyo.

Nunua kuku mzima, mbichi, umkate mwenyewe. Tia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi. Ukitaka ngozi ikauke vizuri, mpakaze unga wa mchele au wa dengu. Au mpike wa kupaka kwa tui zito, hapo unga hauna kazi. Kuku wa pakiti aliyekwisha kutiwa viungo, soseji na vile vipande vilivyofunikwa chenga za mkate, soma maandishi hadi mstari wa mwisho. Maneno ya kutafuta ni wheat (ngano), barley (shayiri), rye (rai) na malt (kimea). Vidonge vya kukolezea mchuzi navyo visomwe hivyo hivyo. Bizari ya kupimiwa kwa kijiko sokoni mimi nisingempa, twanga yako.

Sasa vitumbua, na hapa ndipo ninapokushuku zaidi. Kitumbua halali ni mchele, tui, sukari, iliki na hamira. Lakini wauzaji wengine hutia konzi ya unga wa ngano ili kishikane, kisivunjike kikigeuzwa. Muulize anayekuuzia, tena kwa upole, maana ukimjia kama askari atakwambia hakuna. Ukipika mwenyewe, roweka mchele usage kwa blenda ya nyumbani. Mashine ya mtaani inasaga mchele wako baada ya ngano ya uji wa lishe ya mwenzio, na vumbi la ngano linabaki kwenye jiwe.

Hamira ya chembechembe ya kuokea haina neno. Baikaboneti tupu nayo ni salama. Beking poda ndiyo ya kuangalia: ni baikaboneti, kitu chenye asidi, na wanga wa kuzuia unyevu usiiharibu kabla ya siku zake. Wanga huo mara nyingi ni wa mahindi, ila kuna watengenezaji wanaotumia ngano, na pakiti itasema. Ile inayofungwa dukani kwenye vifuko visivyo na jina, iache huko huko. Baikaboneti kidogo na maji ya ndimu au mtindi vitaumua keki yako ya unga wa mchele bila shida. Chekecheo la ngano usilitumie, nunua lingine; hata ulioshe vipi, unga hujificha kwenye nyavu.

Ukishayafanya haya na tumbo bado linasumbua, mrudishe kwa daktari. Si kila kuharisha ni ngano.

SWALI: Bibi, mume wangu naye ana seliaki. Nimeona biskuti za kutoka nje, zimeandikwa hazina ngano. Nimpe?
Mke wa Fundi, Kigamboni

JIBU: Subiri kwanza. Kutokuwa na ngano siyo kutokuwa na gluteni. Shayiri inayo, na rai, nafaka ya Ulaya, inayo pia. Biskuti inaweza kukosa ngano ikatiwa kimea cha shayiri kwa ajili ya utamu na rangi. Tafuta iliyoandikwa waziwazi kuwa haina gluteni. Zikiwa za oti, ile nafaka inayoandikwa oats, maandishi hayo ni ya lazima, kwa sababu nafaka hiyo huchanganyika na ngano tangu shambani. Na kile kinywaji cheusi cha chupa cha kimea, kisicho na kilevi, kama anakipenda, nacho kinatokana na shayiri. Mtengenezee maji ya ukwaju.