Meseji ya muamala imeingia, hela haipo

SWALI: Shikamoo dada. Nauza vitenge WhatsApp, niko Morogoro. Jana mteja mgeni kaagiza vya 45,000, punde ikaingia meseji nimepokea 145,000, hapohapo kapiga simu analia eti kakosea kuweka moja mbele, nimrudishie laki, mtoto yuko hospitali. Roho ikaniuma nikamtumia. Kuja kucheki salio jioni, hela yake haikuingia hata senti, na simu hapatikani. Vitenge bado ninavyo, alisema atatuma boda kuvichukua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usijione mjinga, kilio cha mtoto ndo mtego wenyewe, anataka utume kabla hujapata nafasi ya kufungua menyu.

Kwanza piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi, usingoje kesho, waeleze na uwape namba ya ule muamala ULIOTUMA wewe. Kama hela bado iko kwenye laini yake wanaweza kuizuia, ila akishaitoa kwa wakala inakuwa ngumu, sikufichi. Alafu nenda polisi na hizo meseji, usizifute, na namba yake iripoti TCRA, wale wasimamizi wa mitandao ya simu, kupitia 15040.

Sasa angalia ile meseji ya kwanza. Imetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya kawaida ya simu? Wengi wanaiandika wenyewe, wananakili maneno yote mpaka salio, ukisoma harakaharaka hushtuki. Kwa hiyo meseji isikwambie una hela, ingia mwenyewe, kama ni M-Pesa *150*00#, uangalie salio, ndo ufunge mzigo. Skrinishoti ndo kabisa usiitegemee, ile inatengenezwa dakika mbili.

Na hata hela ikiingia kweli kwa kukosea, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige kwa mtandao wake waurudishe muamala, mwenye haki atakubali, tapeli ataanza kutukana.

Akikupigia tena eti yeye ni huduma kwa wateja anataka namba ya siri akusaidie kurudishiwa, kata. Mtandao ukikupigia unatumia 100, na namba yako ya siri hawaiulizi. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua ripoti.

Boda akija usimpe mzigo, ila usimgombeze, huenda naye katumwa tu hajui kitu. Muombe namba aliyopigiwa, ukaiongeze kule polisi.