Ulizeni Tujibu: Mngurumo wa Spika na Waya wa Ethi

SWALI: Assalamu alaikum. Amplifaya yangu hutoa sauti safi nikisikiliza redio, lakini tangu nilipoiunganisha na king'amuzi cha dishi, spika zinanguruma, na mngurumo huzidi nikipandisha sauti. Jirani ameniambia nikate waya wa ethi ndani ya plagi ya amplifaya, kwani kwake ulinyamaza. Nifuate ushauri huo? Msomaji, Chake Chake, Pemba.

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu msomaji. Usiukate. Ni kweli kwamba mngurumo unaweza kunyamaza, na ndiyo maana ushauri huu umeenea, lakini waya ule wa kijani na manjano haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Waya wa moto ukilegea ndani ya amplifaya na kugusa bodi la chuma, ethi ndiyo inayoupitisha umeme hadi fyuzi ikatike. Bila ya ethi, bodi linaweza kubaki na volti 230, na kwa kuwa ganda la waya wa sauti, yaani nyuzi za chuma zinazouzunguka waya wa ndani, limeungana na bodi hilo, umeme huo utafika kwenye king'amuzi na, kupitia waya wa dishi, hata kwenye nguzo iliyo juu ya bati.

Kama mngurumo usingebadilika kwa kupandisha sauti, ningeshuku kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, za ndani ya amplifaya, ambazo ni kazi ya fundi kwa sababu huweza kubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Wako unabadilika, kwa hiyo unaingilia kwenye waya wa sauti. Yaelekea amplifaya inapata ethi kupitia soketi, na king'amuzi kupitia nguzo ya dishi. Kwa kuwa ethi hizo mbili hazilingani, mkondo mdogo wa umeme hupita katika ganda la waya wa sauti, nao ndio unaousikia.

Ili kuthibitisha, zima vyombo vyote, chomoa plagi ukutani, ufungue waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kisha uwashe tena. Mngurumo ukitoweka, umeshampata mkosaji.

Jaribu kwanza kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Usipopata nafuu, nunua kitenganishi cha waya wa sauti, ambacho ndani yake mna transfoma mbili ndogo, ukiweke kati ya king'amuzi na amplifaya. Vya bei rahisi hupunguza besi, na mpenzi wa taarab atalitambua hilo mara moja. Usikiweke kitenganishi kwenye waya wa dishi, kwa kuwa waya huo hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, na umeme huo ukizuiwa picha hupotea. Kama vyombo vyote viwili vina tundu la waya wa mwanga (optiki), unaopeleka sauti kwa mwanga, tumia huo, kwani haupitishi umeme kabisa.

Zipo soketi zenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya wowote, na hili tabia yetu ya kufungulia soketi kwa kalamu haiwezi kulionyesha. Mwite fundi umeme aipime ethi yako kwa mita. Na ukigusa amplifaya ukahisi mtekenyo, zima swichi kuu, uchomoe plagi, usiiwashe tena mpaka fundi ameikagua.