Shangazi Anajibu: Ati mwigizaji wa kike hawezi kuwa dairekta?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Kisauni, tuna kikundi cha maigizo na saa hii twataka kushuti sinema fupi kwa simu. Stori nimeandika mimi lakini wenzangu wa kiume washasema dairekta atakuwa mmoja wao, mimi niigize tu, ati mwigizaji wa kike hajui kuongoza. Nliskia kuna mmoja Indonesia zamani aliweza, ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa na jina lake lishike, Ratna Asmara. Kazaliwa Sawahlunto, Sumatra, akaanza na kundi la tamthilia la Dardanella lililokuwa likisafiri mpaka nje ya nchi, mumewe Andjar Asmara ndo alokuwa akiwaandikia michezo. 1940 mumewe akaongoza sinema ya Kartinah na Ratna ndo steringi, wakati huo yeye ni wa mbele ya kamera tu, kama vile wenzako wanavotaka wewe ukae.

Halafu vikaja vita, Wajapani wakaingia, mambo ya sinema yakaharibika. Lakini 1950, nchi ndo kwanza imetoka mikononi mwa Waholanzi, Ratna akaongoza Sedap Malam chini ya kampuni ya Persari, akawa mwanamke wa kwanza Indonesia kuwa dairekta. Sedap malam ni ua jeupe linalonukia usiku, we fikiria asumini tu za hapa kwetu jioni, lakini stori si ya manukato, ni ya mwanamke alotumbukia ukahaba enzi za Wajapani na mimi hapo ndo nampenda zaidi, hakuchagua stori rahisi.

1951 akatoa Musim Bunga di Selabintana, na hiyo musim ni msimu wetu huuhuu, sote tumeutoa kwa Waarabu. Sasa ile ya 1952, Dr. Samsi, waambie wenzako hii: aliongoza mwenyewe na akaigiza mwenyewe, humohumo. Baadaye akawa na kampuni yake, na 1954 akatoa Dewi dan Pemilihan Umum, ya mambo ya uchaguzi, mwaka mmoja kabla Waindonesia hawajapiga kura yao ya kwanza ya taifa.

Kwa hivo hiyo miaka yote jukwaani haikumfunga, ndo ilomfundisha vipi mwigizaji asimame, aseme, anyamaze. Na wewe stori ni yako, wewe ndo wajua kila mtu mule ndani analia kwa nini. Shika hiyo simu uongoze, na ukitaka kuigiza igiza pia. Ikiwa tayari niite, nitapanda matatu nije Kisauni kuitizama.